Gari la koperative kwenye mteremko



Katika namba iliyopita tulizungumza juu ya kukausha maharagi mbele ya kuyaingiza katika depo. Leo tunayafuata maharagi yale barabarani. Koperative nyingi tunazotembelea ziko sasa na gari lao: pikapu ya zamani, ao kamio ndogo iliyotoka Mombasa ao Dar es Salaam ikapitia Uganda ao Rwanda. Limenunuliwa kwa michango ya memba, kwa mkopo, ao kwa mkono wa mfadhili. Siku linapofika watu wanaimba na mbuzi anachinjwa. Kisha, mwaka mmoja ao miwili, tunalikuta limesimama kando ya depo, majani yameota kati ya magurudumu.

Tuanze na kile tulichoona wenyewe. Koperative yenyewe hatutaitaja, maana iliyowapata wao ingeweza kupata karibu kila koperative ya milimani.

Tulifika kwao saa kumi na moja asubuhi, siku ya soko. Pikapu ilikuwa imekwisha kupakiwa. Nyuma ya kiti shofere aliweka bidoni mbili za maji. Tukauliza kama ni maji ya radiateri.

«Hapana, Mukubwa, ni ya freni. Kwa mteremko zinawakaka moto. Tunasimama katikati, tunazimwangia maji, kisha tunaendelea. Njo vile tunafanyaka.»

Tulicheka pamoja naye. Hatukupaswa kucheka. Wiki tatu kisha, kwenye mteremko uleule, pedale ya freni ilishuka mpaka chini bila kukamata kitu. Shofere aligeuza usukani upande wa mlima, gari likajigonga kwenye ukuta wa udongo, na hilo ndilo lililookoa watu, maana upande wa pili ulikuwa bonde. Lakini kijana mmoja aliyekaa juu ya mifuko alirushwa chini na mfuko ukamwangukia. Mguu ulivunjika fasi mbili. Koperative ililipa hospitali kwa pesa zilizokuwa zimewekwa kwa kununua mbegu.

Katika mkutano kila mtu alisema ni kosa la shofere: alikuwa anakimbia, alikuwa amechoka, afukuzwe. Ndipo mama mtunza sanduku aliposimama na kitabu chake: «Papa Prezida, ile mifuko kumi na nane, ni nani aliiandika kwenye fishi? Si ni sisi?»

Somo letu la leo linatoka katika swali la yule mama.

Uzito: hesabu ya kwanza

Kila gari liko na uzito wake wa mwisho, yaani gari lenyewe, mafuta, shofere, abiria na mzigo, vyote pamoja. Utaukuta kwenye kibati kidogo karibu na mlango ao ndani ya fasi ya moteri, na mara nyingi katika karatasi za gari pia. Kwa pikapu ile kibati kilisema kilo 2.800. Gari tupu lilikuwa na kilo 1.800. Basi ilibaki kilo 1.000, na ndani ya kilo hizo ni lazima kuhesabu watu. Shofere na watu wawili pembeni yake wanafikia karibu kilo 200. Zinabaki kilo 800: mifuko minane ya kilo 100.

Siku ile walipakia mifuko 18. Juu yake walikaa watu sita, na watatu walikuwa mbele. Watu tisa kwa kilo 60 ni kilo 540. Mifuko ni kilo 1.800. Ukijumlisha na gari tupu unapata kilo 4.140. Walizidisha kilo 1.340.

Memba wengi wanatuambia: «Lakini resori zimeongezwa, gari halilali.» Ni kweli, fundi anaweza kuongeza majani ya resori nyuma, na gari linasimama vizuri machoni. Lakini freni hazikuongezwa. Mipira haikuongezwa. Resori nene inaficha uzito tu, inafanya watu wasione kwamba gari limelemewa. Kwa maoni yetu, gari lililoongezwa resori ni la kuogopa zaidi kuliko lile linalolala nyuma, maana lile linalolala linasema ukweli.

Tunajua hesabu ya mifuko minane haipendezi. Mazuti haiongezeki sawasawa na mifuko ukibeba kumi na nane, na kwenye bariere mara nyingi unalipa kwa safari, haulipi kwa mfuko. Ndiyo maana watu wanajaza. Hatuwezi kuwaambia mwende na hasara. Lakini iko njia: koperative mbili za jirani zinaweza kukodi kamio moja kubwa kwa siku ya soko, na pikapu ikafanya kazi ya kukusanya mavuno vijijini, kwenye njia fupi. Tumeona fasi wanafanya hivyo, na pikapu yao inadumu.

Kwa nini freni zinakufa kwenye mteremko

Hapa tukae kidogo, maana wengi wanadhani freni ni kitu kinachokuwa kizuri ao kibaya, basi. Freni inaweza kuwa nzima kabisa asubuhi kwenye kiwanja, na ikafa saa mbili asubuhi kwenye kona.

Shofere anapokanyaga pedale, mafuta ya freni yanasukumwa ndani ya mirija midogo mpaka kwenye kila gurudumu. Mbele, mara nyingi, vipande viwili vinabana sahani ya chuma. Nyuma, vipande vinapanuka na kusugua ndani ya ngoma ya chuma. Gari linasimama kwa kusuguana, na kusuguana kunazaa joto, kama unavyosugua mikono asubuhi ya baridi. Nguvu yote ya gari kushuka mlima ni lazima igeuke joto fasi fulani.

Joto kiasi gani? Tupige hesabu. Gari la kilo 4.140 likishuka metre 500 kutoka juu mpaka chini, na freni zikafanya kazi yote peke yao, joto lake linatosha kuchemsha karibu litre 60 za maji ya baridi: bidoni tatu za litre 20. Gari lileile likiwa na kilo 2.800 lingechemsha bidoni mbili. Ile bidoni ya tatu ndiyo mifuko na watu waliozidi. Na barabara zetu, kama Ngomo ukishuka kuelekea Kamanyola, ao Kabasha ukitoka Kanyabayonga kushuka Rwindi, hazikupi kiwanja cha kupoza.

Joto likizidi, mambo mawili yanatokea. La kwanza, vipande vya kusugua vinapoteza ukali. Unasikia harufu ya kuungua, pedale iko ngumu, unakanyaga kwa nguvu zote, lakini gari halipunguzi. La pili ni baya zaidi: mafuta ya freni yanachemka. Yakichemka yanatoa mapovu ya mvuke. Mafuta hayabanwi, lakini mvuke unabanwa. Basi pedale inabana mapovu, inashuka mpaka chini, na kwenye gurudumu hakuna kinachofika. Ndiyo iliyotokea kwa pikapu ile.

Sasa, mafuta ya freni yako na tabia moja ambayo wengi hawaijui: yananywa maji ya hewani, polepole, hata kama kifuniko kimefungwa. Mafuta yaliyoandikwa DOT 4, yakiwa mapya, yanachemka kwa digri 230 ao zaidi. Yakiisha kunywa maji, kipimo chake kinaweza kushuka mpaka karibu 155. DOT 3 mapya ni 205, na yenye maji ni karibu 140. Ndiyo maana tunasema yabadilishwe yote kila miaka miwili, hata kama kopo linaonekana limejaa. Mafuta mapya yako meupe-manjano, unaona ndani yake. Yakifanana na chai nyeusi, yamekwisha kuchelewa. Ya pikapu ile yalikuwa meusi kama kahawa, na hakuna aliyekumbuka yalibadilishwa lini.

Tena, nunueni chupa ndogo iliyofungwa bado. Chupa iliyokaa wazi mwaka mzima kwenye rafu ya garaje imekwisha kunywa maji yake. Na tafadhali: msiongeze mafuta ya moteri, ao mafuta ya kula, ao maji ya sabuni katika kopo la freni. Tumeyaona yote matatu. Mafuta ya moteri yanavimbisha mipira midogo ya ndani, na garaje itakuambia kubadilisha karibu kila kitu.

Na zile bidoni za maji? Kumwangia maji ya baridi chuma kilichowaka moto kunaweza kupasua ngoma ao kupinda sahani. Freni zikinuka, simama kwenye kiwanja, weka mawe ao kipande cha mti mbele ya magurudumu, uache vipoe vyenyewe kwa hewa. Nusu saa, saa moja. Maharagi hayataoza.

Moteri ndiyo freni ya kwanza

Wazee mashofere walikuwa na kanuni: vitesi unayopandia mlima ndiyo unayoshukia. Kama unapanda kwa ya pili, unashuka kwa ya pili. Moteri inazuia gari, na freni unazikanyaga kidogo mbele ya kona, kisha unaziacha zipumue. Kukanyaga pole bila kuachia, kilometre nzima, ndiko kunakopika freni. Na vitesi unaiweka ukiwa bado juu, mbele ya kuanza kushuka. Ukingoja mpaka gari limeshika mbio, inaweza kukataa kuingia.

Leo vijana wengi wanafanya kinyume. Wanatoa vitesi, wengine wanazima hata moteri, gari linateremka lenyewe ili kupunguza mazuti. Ndugu, moteri ikizimwa, ile nguvu inayosaidia pedale ya freni inakwisha kisha kukanyaga mara mbili ao tatu. Pedale inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao, kwa magari mengi, unakuwa mzito. Na faida iko wapi? Magari mengi ya leo yenye kompyuta yanakata mazuti yenyewe ukishuka na vitesi bila kukanyaga gazi. Kama komite inalipa shofere kwa kiasi cha mazuti alichorudisha, basi komite yenyewe ndiyo inamfundisha kuzima moteri. Angalieni mkataba wenu.

Na kama pedale imeshuka kabisa? Shofere apige pedale haraka-haraka mara nyingi, pengine itashika kidogo. Ashushe vitesi moja kwa moja mpaka ya chini. Freni ya mkono aivute polepole, asiivute kwa mara moja, maana magurudumu ya nyuma yatateleza. Na kama hakuna kinachoshika, achague upande wa mlima, kama alivyofanya yule shofere. Memba waliotaka kumfukuza tuliwaambia hivyo.

Mipira

Mipira mingi tunayonunua ni ya okazyo, imefanya kazi Ulaya ao Japani mbele ya kufika kwetu. Inaweza kuonekana mizuri kwa juu na kuwa imekauka kwa ndani. Tafuteni kwenye ubavu wa mpira herufi DOT (hizi hazihusu mafuta ya freni, ni jina tu limefanana) na mwisho wake namba nne. Kama imeandikwa 2316, mpira ulitoka katika wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira wa miaka kumi, hata kama uko na meno marefu, usiuweke mbele. Kama uko na mipasuko midogo-midogo ubavuni, usiununue.

Meno yakibaki milimetre 1,6 mpira umekwisha. Katikati ya mifereji kuna vitufe vidogo vilivyotengenezwa na fabriki kwa kipimo hicho. Meno yakilingana na vitufe, basi. Kwa matope yetu ya mwezi wa kumi na moja, sisi tungebadilisha mbele ya hapo.

Iko tena namba ya uzito. Mpira ulioandikwa 100 unabeba kilo 800, wa 106 unabeba kilo 950, wa 112 unabeba kilo 1.120. Muuzaji anaweza kukupa mpira wa gari dogo unaoingia vizuri kwenye gurudumu la pikapu, lakini haukutengenezwa kwa mzigo wenu. Someni namba mbele ya kutoa dola. Upepo upimwe asubuhi, mpira ukiwa wa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mlango. Mpira wenye upepo kidogo unapata moto ndani na unapasuka, zaidi ukiwa umelemewa.

Usukani wa kuume, taa, mkaba

Katika Kongo tunatembea upande wa kuume, lakini magari mengi yanayopitia kwa majirani yako na usukani kuume. Shofere wa gari la namna hiyo haoni mbele akitaka kupita kamio, mpaka atoe gari karibu lote nje. Basi awe na mtu mwenye macho na akili kwenye kiti cha kushoto, wa kumwambia kama njia iko wazi. Na kama hakuna mtu, asipite.

Taa zake pia ziko na shida ambayo watu hawaifikirii. Zilitengenezwa kwa inchi za kutembea kushoto, kwa hiyo mwanga wa chini unapanda kidogo upande wa kushoto. Kwetu, kushoto ndiko wanakotokea wengine. Unawapiga machoni hata kama umeshusha taa vizuri, na ukingo wa kuume, wanakotembea watu wa miguu na wa chukudu, unabaki giza. Fundi mzuri anaweza kubadilisha taa ao kuzirekebisha mbele ya ukuta.

Mkaba wa usalama: mbele wafunge wote, shofere na abiria. Unapunguza hatari ya kufa kwa waliokaa mbele kwa karibu nusu. Mto wa hewa unaotoka kwenye usukani haubadilishi kitu hapa, umetengenezwa kufanya kazi pamoja na mkaba, na magari mengi ya okazyo yamekwisha kuutumia zamani.

Juu ya watu wanaokaa kwenye mifuko hatuna fundi wa kuwatumia. Hakuna mkaba kule juu. Mama anayefuata bidhaa zake sokoni anapanda kwa sababu hamwamini mtu mwingine na mfuko wake, na tunamwelewa. Komite inaweza kumsaidia: kila mfuko uandikwe jina na namba, uzito upimwe mbele yake, na mmoja wa komite awe mbele na fishi. Mama akiwa na karatasi yake mkononi, ataweza kufuata kwa njia nyingine ao kubaki nyumbani.

Dakika kumi za asubuhi

Hili ni fupi, lakini lifanywe mbele ya kupakia, maana gari likiisha kupakiwa hakuna atakayekubali lisiondoke. Gari likiwa kwenye kiwanja na moteri ya baridi, vuta kijiti cha mafuta ya moteri, mafuta yawe kati ya alama mbili. Angalia maji ya radiateri (ikiwa ya moto, usifungue, itakuunguza uso). Angalia kopo la mafuta ya freni, mipira minne na ule wa akiba, taa zote, kriki na ufunguo wa magurudumu. Piga chini ya gari jicho moja: kama kuna tone jipya ardhini, tafuta limetoka wapi. Washa moteri, kanyaga pedale na uishikilie kwa nguvu kwa kuhesabu mpaka thelathini. Kama inazama polepole, gari halitoki. Kama taa nyekundu ya freni inabaki kuwaka, na freni ya mkono imeachiliwa, halitoki pia.

Mafuta ya moteri na filtre yake, kwa barabara zetu za vumbi na mzigo mzito, tungebadilisha kila kilometre 5.000. Mazuti ya bidoni ipitishwe kwenye kitambaa safi, na maji yatolewe chini ya filtre ya mazuti kila wiki.

Pesa za kazi hizi zitoke wapi? Katika koperative ya yule mama mtunza sanduku, waliamua kwamba kila safari mfuko mmoja ulipe juu ya gari: bei ya kubeba mfuko mmoja inaingia katika kasha lake peke yake, na haiguswi kwa mbegu wala kwa kilio. Kitabu kinaandika tarehe, kilometre, mifuko mingapi, na nini kilibadilishwa. Shofere anatia sahihi asubuhi, na mtu wa komite aliyehesabu mifuko anatia sahihi chini yake. Yule shofere bado anawaendeshea. Bidoni zake mbili sasa ziko kwenye depo, wanawekea maji ya kunawa mikono.

*Maswali ya kuzungumza katika mkutano wenu:*

Kibati cha gari lenu kinasema kilo ngapi, na safari ya mwisho mlipakia ngapi?

Mafuta ya freni yalibadilishwa mwezi gani?

Shofere wenu akisema asubuhi «leo gari halitoki», na mifuko imekwisha kufika, nani katika komite atasimama naye?